Padi ya Msiba

Siku tuliyomzika Nyamizi, binti wa Kalunde, mstari wa televisheni za mtaa wetu ulikuwa mtupu, na ndiyo maana watu walijaa msibani mpaka turubai likawa halitoshi. Sisemi kwamba hawakuwa na huruma. Walikuwa nayo. Lakini nimeishi Mvuti tangu enzi ambazo televisheni ililipiwa kwa pesa, na ninamjua mtu anayemtazama mfiwa usoni na mtu anayemtazama mfiwa mikononi. Siku ile wote walimtazama Kalunde mikononi.

Mimi niliingia kama mtani anavyoingia. Sikuvua viatu, sikutoa pole. Nilijitwika gunia la makumbi ya nazi, nikajifunga kanga kiunoni kama mpagazi, nikapita katikati ya jamvi nikikanyaga miguu ya watu.

"Hodi kwa Wanyamwezi! Nimewaletea mzigo mliousahau njiani! Babu zenu walibeba pembe za ndovu za watu toka Tabora mpaka pwani, wakarudi kwao hawana hata jino! Nani ananilipa ujira?"

Mjomba wake Kalunde, Mzee Kapela, akainua kichwa. "Bi Sikudhani, na ninyi Wazaramo mliouza shamba mkanunua ngoma, ujira mtautia wapi?"

"Tutanunua ngoma ya pili, tukupige wewe."

Watu wakaguna, wengine wakatabasamu kwa chini. Utani wa kabila lao na langu ni wa tangu zamani za misafara. Akifa mtu wao, mimi ndiye mwenye ruhusa ya kutukana, kuiba nyama chunguni, kujilaza mlangoni watu wakashindwa kupita, na asiwepo wa kukasirika. Nikishika kitu, hakichukuliwi mpaka nikombolewe, na ukombozi ninautaja mimi. Kwa msiba wa mtoto mtani hupunguza chumvi, ila habaki nyumbani. Mfiwa asipotikiswa huganda.

Kalunde alikuwa ameshaganda. Alikaa ameegemea ukuta, macho kwenye magoti yake. Mwanawe mchanga, Maganga, alikuwa mapajani analia kile kilio chembamba cha mtoto aliyechoka kulia. Tangu dada yake aliposhikwa na homa mama yao hakutia kitu kinywani, na maziwa yakakatika. Wanawake walijaribu ya ng'ombe, mtoto akatapika. Wakajaribu ya kopo, akatapika. Mama Tausi, jirani wa mlango wa mbele, alishaanza kumtazama yule mtoto kwa jicho la mtu anayepima sanda.

Ukutani juu ya kichwa cha Kalunde kioo cha televisheni kilikuwa cheusi, kimeandikwa neno moja jeupe: POLE. Kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na hiyo POLE tangu Nyamizi alipokata roho. Mashine ilijua kabla ya mwenyekiti wa mtaa.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, wakala wa kampuni ya televisheni akaingia nao. Jina lake Erasto. Kijana mpole, viatu vyake havijawahi kufahamiana na vumbi, na sauti yake kama ya mtu anayeuza dawa ya mende kanisani. Mikononi alibeba kitu kilichofunikwa kitambaa cheupe.

"Poleni sana, wapendwa. Kampuni iko pamoja nanyi."

"Kampuni imeleta mchele?" nikamuuliza.

"Bibi, kampuni itawachangia zaidi ya mchele."

Akapiga magoti mbele ya Kalunde, akakifunua kile kitambaa taratibu, kama anafunua uso wa marehemu. Ndani mlikuwa na padi ya gemu, nyeupe, mpya.

Mashine hizi zilipoingia nchini zilikuwa za kuchezea tu. Vijana walijazana vibandani, kila mmoja na padi yake, wakifukuza mpira kwenye kioo. Kisha wenye mashine wakagundua kwamba goli likiingia, kiganja cha mchezaji kinatoa kitu. Si jasho, ingawa kinatoka pamoja na jasho. Wakatia vipele vya chuma pale vidole vinapokaa, vipele vikaanza kukinyonya. Huko ng'ambo wako watu waliokaukiwa roho wanaokinunua. Basi ving'amuzi vikatupwa, antena zikawa kamba za kuanikia, na kila kipindi, iwe taarifa ya habari, iwe mpira, iwe marudio ya tamthilia uliyoikosa juzi kwa sababu ulisinzia, vyote vikahamia ndani ya mashine ya gemu. Unacheza kidogo, unafurahi au unashtuka, mashine inakukamua, mstari wa kijani unajaa juu ya kioo, ndipo unaangalia. Na mashine za mtaa mmoja huchangia mstari mmoja, kama bomba la maji.

Ila furaha iliyokamuliwa hairudi kama ilivyokuwa. Vijana wetu siku hizi wanafunga goli na nyuso za watu walio kwenye foleni ya benki. Mstari ukawa haujai, unakatika kila tamthilia inapofika patamu. Kilichokuwa hakijachuja ni uchungu peke yake. Uchungu wa mfiwa, ukiwa mbichi, ulijaza mtaa mzima hadi msimu wa ligi ukaisha.

"Mama," Erasto akamwambia Kalunde, "utashika, utasema 'natoa', basi. Kumbukumbu zako zinabaki zote. Kinachoondoka ni maumivu. Lakini iwe kabla ya kuanua tanga. Uchungu ukilala unachacha, mashine haiupokei."

Kalunde akainua mkono.

Nikaruka. Kwa umri wangu kuruka ni neno kubwa, tuseme niliangukia mahali panapofaa. Nikaipokonya ile padi, nikaitumbukiza ndani ya kanga, nikafunga fundo.

"Nimekamata! Hiki ni cha mtani mpaka nikombolewe!"

Watu wakaangua kicheko, cha kwanza siku ile. Erasto akasimama. "Bibi, hiyo ni mali ya kampuni."

"Kijana, keti," Mzee Kapela akamwambia. "Mtani akishika, ameshika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka akombolewe. Muulize anataka nini."

"Nataka mume wa Kinyamwezi mwenye meno yote," nikasema. "Mkimkosa, nitafikiri kingine."

Mama Tausi akanisogelea, akaninong'oneza kwa hasira. "Bi Siku, utani wa namna gani huu? Leo Rukia anajifungua kwenye tamthilia, na hatujajua baba ni nani!"

"Kwa unavyohangaika, baba ni wewe."

*

Jua lilikuwa limeshuka kidogo wakati Kalunde aliponifuata chumbani. Nilikuwa nimejilaza kitandani kwake na viatu, padi tumboni chini ya kanga, najikoromesha. Akaufunga mlango kwa mgongo. Maganga alikuwa begani kwake na ameacha kulia. Hapo nami nikaacha kukoroma.

"Mtani wangu, nipe."

"Nikupe nini? Mwenzio nina mimba." Nikalipapasa lile fundo. "Ya mjomba wako."

Akacheka. Nasema kweli, alicheka, pumzi moja fupi, na papo hapo uso ukamvunjika, akaanza kujipiga kifua kwa ngumi na mtoto yuko begani. Nikamdaka mkono. Mkono wenyewe ulikuwa mwepesi kama mwiko.

"Kazi yenu watani ni nini?" akaniuliza alipopata sauti. "Si kumwondolea mtu uchungu? Basi hicho kinaondoa wote kwa mara moja. Unakionea wivu?"

Maneno yale yaliniuma, maana yalikuwa na ukweli ndani yake.

"Mtani anapunguza," nikamjibu. "Anachota, anakuachia unaouweza. Haondoki na chungu kizima."

"Huo wa kuuweza mimi sina."

Nikatoa kichwa mlangoni, nikamwita Mzee Ngwale. Huyu ni jirani yetu, aliyeshika padi ya msiba mwaka jana alipofiwa na mkewe, Bi Mwajabu. Enzi za uhai wa mkewe, akienda sokoni tu, mzee alimsubiri barabarani, akijifanya anakagua mtaro. Akaja na kikombe chake cha chai.

"Mzee Ngwale, mwambie huyu. Inauma?"

"Haiumi."

"Bi Mwajabu unamkumbuka?"

"Namkumbuka vizuri. Alikuwa mwanamke wa kimo hiki." Akapima kwa kiganja usawa wa bega lake. Akafikiri. "Alifariki."

"Alikuwa akikuitaje mkiwa wenyewe?"

Akalitaja lile jina. Ni jina la mapenzi, siliandiki hapa, si langu. Alilitaja kama mtu anayesoma kibao cha duka. Halafu akauliza kama chai imebaki jikoni, akaenda zake.

Nilidhani nimeshinda. Kalunde alimfuatisha kwa macho mpaka akapotea, kisha akanigeukia.

"Umeona?" akasema. "Anakunywa chai."

*

Nikakaa kitako. Nina niliowazika mimi pia, na mmoja wao mpaka leo hunikaba koo nikisikia harufu ya karanga zinakaangwa. Hukaa pale kooni kidogo, kisha hushuka. Nisingempa mtu yeyote koo langu hilo. Lakini ni langu, nami nilikuwa na watu walionilisha kwa kijiko, na sikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Nikiizuia ile padi mpaka tanga lianuliwe, uchungu utachacha, Kalunde atabaki nao, mwanadamu kamili. Na pengine tutachimba kaburi la pili kando ya la kwanza, dogo zaidi. Nikiitoa, Nyamizi atakufa mara ya pili, na safari hii mamaye ndiye atakayemzika, kwa mkono wangu. Nilimtazama Maganga. Midomo yake ilikuwa mikavu, ananyonya hewa. Yeye hakuulizwa na mtu, na hakuwa na muda wa kusubiri wazee tumalize busara.

"Nikomboe," nikamwambia Kalunde.

"Kwa kitu gani? Sina kitu, unaona mwenyewe."

"Nikomboe kwa Nyamizi. Niambie alivyokuwa, yote uliyonayo, bila kubakiza. Ukimaliza nakupa."

"Unataka kunitesa."

"Ukombozi wa mtani haupunguzwi bei. Kaa."

Akakaa sakafuni. Mwanzoni yalitoka kwa matone. Kwamba alilala mguu mmoja nje ya chandarua, ukiurudisha unatoka tena. Kwamba aling'oka meno ya mbele, akawa akisema "sisi" anapiga mluzi, na kuku wakamfuata. Alipelekwa kuuza maandazi, moja akala, akarudi akasema limetoroka.

"Limetoroka kwenda wapi?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema, mama, lilikuwa la moto, halikuweza kutulia."

Tukacheka wote wawili, tukiwa tumeshikana mikono kama walevi, na machozi yalimtoka Kalunde kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikadhani, labda. Labda mlango umefunguka na padi haitahitajika. Aliendelea, akipanda na kushuka, maneno yakimmiminika. Nyamizi alikuwa akiuliza, kama watu wa kwenye televisheni wanatuona, mbona hawatusalimii? Alikuwa akiwaamkia watangazaji. "Shikamoo," anasimama, anasubiri. Wasipojibu anasema, "Hawa hawakufunzwa kwao."

Kisha akageukia ukuta. Nikajua kuna kitu kimebaki, kimejificha nyuma kama kisu chini ya godoro.

"Hujamaliza," nikasema.

"Nimemaliza."

"Mpagazi wangu, mzigo unaonekana. Utue."

Akaanza kumbembeza Maganga mbele na nyuma. Sauti yake ilipotoka haikuwa na machozi tena.

"Ile jioni aliomba maji. Nilikuwa nimeshika padi, nimekaa palepale ukutani. Mstari ulikuwa umebaki kidogo ujae. Unajua ukiachia kabla haujajaa, wote unashuka. Akasema, mama, maji. Nikamwambia subiri. Akasema tena. Nikamwambia subiri, Nyamizi, nipo mwishoni. Hakuomba mara ya tatu. Nikafurahi kwamba ametulia." Akanitazama. "Nilifurahi, Bi Siku. Na ile furaha ndiyo iliyoujaza mstari."

Nimetukana wafiwa kwa miaka mingi, nimewahi kulala ndani ya kaburi nikadai godoro, lakini pale nilitafuta neno nikakuta pakavu.

"Homa ile isingeondolewa na kikombe cha maji," nikasema mwishowe.

"Najua. Daktari aliniambia. Haisaidii." Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Nimekukomboa."

Nikalifungua fundo. Vidole vyangu ni vya zamani na fundo nilikuwa nimelikaza mwenyewe, kwa hiyo nilichukua muda, na katika muda ule nilikuwa naomba aseme acha. Hakusema. Kile kitu kikatoka kikiwa na joto la tumbo langu, nikakiweka mkononi mwake, mimi, hakuna mwingine.

*

Alisemea uani, mbele za watu, maana Erasto alihitaji mashahidi. "Natoa."

Sikuona cheche wala moshi. Mabega yake yalishuka tu, kama kamba ya kuanikia ukishaondoa nguo mbichi. Kwenye kioo neno POLE likafutika, mstari wa kijani ukachomoza kushoto ukakimbia mpaka kulia, ukajaa, ukaendelea kumetameta kana kwamba nafasi haikuutosha. Nyumba ya pili ikawaka, ya tatu ikawaka, na kutoka huko mwisho wa mtaa nikasikia vigelegele. Msibani, vigelegele! Rukia wa kwenye tamthilia alikuwa ameshaingia leba. Watu chini ya turubai wakaanza kuondoka, wa kwanza kwa adabu, wakiinama, waliofuata bila kuinama.

Kalunde aliomba ugali. Akala vizuri, akanawa, akamtia Maganga titini. Kabla giza halijaingia maziwa yakashuka, yakashuka kwa wingi mpaka mtoto akakohoa. Nilimwona akinyonya, ngumi zake ndogo zikifunguka. Basi. Huo ndio upande wangu wa hesabu na nitaushikilia mbele ya Mungu.

Kisha Kalunde akamwita Mama Tausi, ambaye alikuwa akisikiliza tamthilia kwa sikio moja.

"Zile nguo za mtoto wangu aliyefariki," akamwambia, "zitamtosha mjukuu wako. Njoo kesho uchague. Viatu navyo vipo, ila kimoja kimechanika."

"Ahsante, shoga. Mungu akubariki."

"Hakuna shida. Vinajaza chumba."

Nami nikasikia mluzi. Nikajua hakuna anayepiga mluzi. Nikamwona kuku akigeuza shingo, au nilidhani amegeuza, na kitu kikanipanda kutoka tumboni, pale ilipokuwa padi, kikanifika kifuani, kikatoka.

Mtani halii msibani. Ndiyo sheria yetu kuu, akilia yeye nani atabaki amesimama? Nililia. Nilianguka chini na kanga zangu, nikajigaragaza vumbini, nikamwita Nyamizi kwa jina lake, nikamwambia maji haya hapa, njoo unywe, mama yako amekuja, ameshaiachia padi. Nililia kama niliyemzaa.

Na wale waliobaki wakacheka. Mzee Kapela alijipiga paja. "Tazameni anavyomwigiza Kalunde! Wazaramo hawa!" Mama Tausi akatoka ndani kuja kuangalia, na tamthilia inaendelea, kwa hiyo mjue ilikuwa onyesho kweli. Kalunde mwenyewe alinitazama kutoka kizingitini, mtoto titini, akatabasamu kidogo kwa adabu, kama mtu anayetabasamia utani wa kabila asilolijua.

Ni mmoja tu ambaye hakucheka. Erasto alikuwa akizifunga nyaya zake. Akasimama, akainamisha kichwa upande, akasikiliza sauti yangu kama fundi anavyosikiliza injini. Halafu akaja, akachuchumaa palepale vumbini na vile viatu vyake, akafungua begi. Akatoa kitambaa cheupe.

"Bibi," akasema kwa upole, "uchungu huu ni mbichi. Mtaa wa pili wana POLE tangu juzi, na marehemu wao hana wa kumlilia hivi. Sema neno moja tu, utapumzika."

Nikafungua mdomo nimtukane. Tusi halikuja. Nikavichomeka viganja vyangu kwapani, nikavibana kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, nikaendelea kulia, na yeye akaendelea kuchuchumaa na padi yake mikononi, anasubiri. Nyuma yake watu wakazidi kucheka.